Mwachie Nyanya Simu Yake: Namna ya Kumfundisha Mzee Wako Kushika Pesa Zake Mwenyewe

Mwaka jana mwezi wa Machi, mvua ikikaribia, nilimtumia nyanya yangu shilingi 5,000 za mbolea. Yeye anaishi juu kule Wundanyi, milima ya Taita. Mimi niko Nairobi. Jioni nikampigia kujua kama zimefika.

"Zimefika, mume wangu," akaniambia, kwa ule utani wa nyanya na mjukuu. "Asante sana kwa hizo elfu tatu."

Nilinyamaza kidogo. Nikamuuliza ni nani aliyemsomea meseji. Akasema ni kijana wa hapo jirani, yule ambaye siku zote humsaidia na mambo ya simu. Yeye ndiye husoma, ndiye hubonyeza, ndiye hushuka kwa wakala na simu ya nyanya mkononi na kitambulisho cha nyanya mfukoni, kisha anarudi na pesa.

Sasa elewa aibu yangu. Mimi nafanya kazi katika kampuni ya malipo kwa simu. Kazi yangu ni kuwaandikia wateja jinsi ya kulinda pesa zao. Na nyanya yangu mwenyewe alikuwa anaibiwa kupitia simu niliyomnunulia mimi, kwa PIN niliyomchagulia mimi. PIN yenyewe ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, na nilikuwa nimeiandika kwenye kikaratasi nikakikunja ndani ya kava ya simu ili asije akaisahau.

Kwa hivyo makala ya leo ni yako wewe uliye na mzazi, nyanya, babu au shangazi ambaye pesa zinaingia kwa jina lake lakini zinashikwa na watu wengine. Na kama wewe mwenyewe ndiwe mzee unayesoma hapa, karibu sana. Utanisahihisha pale nitakapokosea.

Wamekuwa kwa hii huduma kutushinda sisi

Tunapenda kusema wazee ni wageni wa teknolojia. Hebu tuangalie hesabu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na ujumbe wa matangazo yake ya kwanza ulikuwa rahisi: tuma pesa nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwa wazee. Mama aliyekuwa na miaka 55 wakati huo sasa amepita 70. Amekuwa akipokea pesa kwa simu tangu mimi nikiwa darasa la kwanza.

Tatizo ni hilo neno, kupokea. Kupokea hakuhitaji kubonyeza kitu. Pesa inaingia yenyewe, simu inalia, basi. Kilichobaki ni kwenda kwa wakala, kuonyesha kitambulisho na kuweka sahihi kwenye daftari, na hayo wazee waliyajua haraka kwa sababu yanafanana na mambo ya posta na benki waliyoyazoea. Mengine yote tuliyafanya sisi kwa niaba yao. Miaka ikaenda. Mtu anaweza kuwa mteja karibu miaka ishirini na hajawahi hata siku moja kuangalia salio lake mwenyewe.

Zamani hilo halikuwa na madhara makubwa. Siku hizi lina madhara. Sadaka ya kanisani inatumwa, duka linataka ulipe kwa simu, posho mill vilevile. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliye kwenye mpango wa Inua Jamii anapangiwa shilingi 2,000 kila mwezi na serikali. Usajili wa bima ya afya ya SHA ulipoanza 2024, watu walikuwa wanabonyeza *147# kwenye simu zao. Ni wazee wangapi walisajiliwa na mtu mwingine, kwa simu ya mtu mwingine, bila kujua kilichoandikwa? Najua mmoja. Ni nyanya yangu.

Somo langu la kwanza lilikuwa bure kabisa

Si ati sikuwa nimejaribu kumfundisha. Desemba iliyotangulia, tukiwa nyumbani kwa Krismasi, nilikaa naye dakika ishirini hivi kabla wageni hawajafika. Nikashika simu. "Angalia nyanya, unaingia hapa, halafu hapa, unabonyeza hii, unaona?" Akasema, "Naona." Nikaendelea. "Halafu hapa. Umeshika?" Akasema, "Nimeshika, mjukuu wangu."

Hakuwa ameshika chochote. Alichokiona ni kidole gumba changu kikitembea juu ya kioo. Alisema ameshika kwa sababu ni mtu wa heshima na aliona nina haraka.

Nadhani asilimia kubwa ya wasomaji wetu wamefundisha hivi. Tunashika simu sisi, tunaongea kwa kasi yetu, kisha tukiulizwa swali lilelile mara ya pili tunavuta pumzi kwa sauti. Mzee husikia hiyo pumzi. Mara ya tatu haulizi tena. Anamwita kijana wa jirani, ambaye havuti pumzi.

(Acha nikiri jambo lingine. Hata sisi watu wa matangazo tunachangia. Ukiangalia picha ambazo kampuni za simu na benki hupenda kutumia, mzee anacheka akiangalia skrini, na simu imeshikwa na mjukuu. Nimewahi kuchagua picha kama hiyo mimi mwenyewe.)

Ukweli ni kwamba umri unabadilisha namna ya kujifunza, lakini haubadilishi kila kitu. Kasi ya kupokea jambo jipya hupungua. Macho huchoka na maandishi madogo. Lakini maneno, maarifa na akili ya biashara hubaki, na mara nyingi huzidi yetu. Nyanya yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne. Anakumbuka nani alilipa nusu mwaka juzi na kwa sababu gani. Mtu kama huyo hawezi kushindwa na tarakimu nne. Alichokosa ni muda wa kurudia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika mwaka 1885, baada ya kujipima yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushikwa vizuri kuliko yaliyorundikwa mara moja. Hilo ni kweli kwa kijana na kwa mzee, tofauti ni kwamba kijana ana simu mkononi siku nzima na anarudia bila kujua kwamba anarudia.

Kuna pia mambo ambayo si kosa la mzee hata kidogo. Kioo cha simu janja hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa ngozi yako. Ngozi ya mtu aliyezeeka ni kavu, na kama ameshika jembe miaka hamsini vidole vimekuwa vigumu, kwa hivyo simu haimhisi vizuri. Anabonyeza, haiitiki. Anabonyeza kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi, simu inadhani anataka kitu kingine kabisa, inamletea orodha ambayo hakuiomba. Anaogopa ameharibu. Au anatumia ile menyu ya nyota na reli, anasoma polepole, na kabla hajafika mwisho mtandao unamkatia kwa sababu amechukua muda. Anaanza tena. Inamkatia tena. Mtu yeyote angechoka.

Ndio maana sikubaliani na wanaoona aibu mzazi akiwa na ile simu ya mulika mwizi. Vitufe vyake vinashikika, betri inakaa siku kadhaa, na huduma ya pesa inafanya kazi sawasawa. Kama mzee wako ameizoea, mwanzie hapo hapo.

Tulianza na meseji, hatukuanza na kutuma

Pasaka ilipofika nikapanda gari hadi Voi, nikaunganisha matatu ya kupitia Mwatate mpaka Wundanyi. Nilikuwa nimeomba likizo ya siku tano. Niliamua sitashika simu yake. Mikono yangu niliikalia, kihalisi.

Siku ya kwanza nilimuuliza swali moja tu: "Nyanya, wewe unataka kujua nini kwenye hii simu?" Nilidhani atasema kutuma pesa. Akasema, "Nataka kujua zimeingia ngapi, bila kumuuliza mtu."

Tukafungua meseji ya mwisho. Ilikuwa ya Kiingereza. Nyanya yangu husoma Biblia yake ya Kiswahili kila asubuhi kabla ya chai, anasoma hata matangazo yaliyobandikwa kwa chifu. Kiingereza hasomi. Miaka yote ile tulisema nyanya hajui simu, kumbe alikuwa hajui Kiingereza tu.

Kama kuna jambo moja utakalofanya leo baada ya kusoma hapa, liwe hili. Kwenye M-Pesa lugha hubadilishwa ndani ya menyu, sehemu ya akaunti yangu. Huduma nyingine nazo zina sehemu kama hiyo, au piga simu kwa huduma kwa wateja uwaombe. Baada ya hapo menyu inasema Tuma Pesa, Toa Pesa, na meseji zinakuja kwa Kiswahili. Ni kazi ya dakika moja. Mimi, na digrii yangu, nilichukua miaka minne kufikiria.

Kisha tukajifunza kuisoma. Meseji ya pesa ina vitu vingi ambavyo mzee havihitaji, na inaanza na kile cha kutisha zaidi, yaani ule msururu wa herufi na tarakimu zilizochanganyika. Nilimwambia hiyo ni kama namba ya risiti, aipite tu. Atafute vitu vitatu: kiasi kilichoingia, jina la aliyetuma, na salio jipya.

Hapo nikagundua mitego ambayo sijawahi kuifikiria. Wa kwanza ni zile sifuri mbili za senti. Ksh5,000.00 yeye aliziona kama sifuri tano mfululizo, na nukta haikumwambia kitu. Tukakubaliana kwamba kila kitu baada ya nukta ni senti, na senti tunazipuuza. Wa pili ni saa. Meseji inaandika 2:10 PM. Nyanya akauliza, "Sasa hii ya saa mbili, ni ya asubuhi au ya usiku?" Kwa saa zetu hiyo ni saa nane na dakika kumi mchana! Ina maana hata kama angeweza kusoma zamani, bado angebishana na kijana kuhusu pesa iliyoingia lini, na angeshindwa.

Tulisoma meseji zilizobaki kwenye simu moja baada ya nyingine. Hazikuwa nyingi, kwa sababu mtu alikuwa anazifuta. Lakini moja ilisahaulika, na nyanya ndiye aliyeiona kabla yangu. Ilisema kuna deni la mkopo, ule wa kutumia zaidi ya salio lako. Alikuwa hajawahi kukopa. Mkopo wa namna hiyo hujilipa wenyewe, pesa ikiingia inakatwa kwanza. Alikaa kimya akaisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, kama anavyosoma Biblia.

Kuhusu yule kijana, sitaeleza zaidi. Nyanya alimwita mwenyewe, wakakaa chini ya mwembe, mimi nikaambiwa nikalishe ng'ombe.

PIN ya kwake, si ya ukoo

Siku ya pili ilikuwa ya PIN. Hapa lazima niongee wazi, kwa sababu najua ilivyo majumbani. Tunajua PIN za wazazi wetu. Tunasema ni kwa dharura. Lakini ukishaijua wewe, na dadako, na binamu, na msichana wa kazi, siku pesa ikipotea hakuna wa kuulizwa. Mzee naye anajua hivyo, ndio maana hulalamika kwa fumbo na sisi hatuelewi.

Mwaka wa kuzaliwa haufai. Umeandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kinaonyeshwa kwa wakala kila mara. 1234 haifai, wala tarakimu za mwisho za namba ya simu. Nilimwambia afikirie namba ya jambo la maisha yake ambalo hakuna mtoto wala mjukuu analijua. Akafikiria, akacheka peke yake, akasema anayo. Sijaijua mpaka leo, na nimekuwa nikijiuliza alikuwa anacheka nini.

Kuibadilisha kulihitaji PIN ya zamani na dakika chache. Kuikumbuka ndiko kulihitaji siku. Njia yetu ilikuwa kuangalia salio. Asubuhi baada ya chai anaangalia salio. Mchana anaangalia salio. Jioni kabla ya taarifa ya habari anaangalia salio. Siku ya kwanza alikosea, akaogopa simu itafungwa, na kweli ukikosea mara kadhaa mfululizo inafungwa, kwa hivyo tuliweka sheria: ukikosea mara mbili weka simu mezani, kamua ng'ombe, rudi baadaye. Kufikia siku ya nne vidole vilikuwa vinajiendea. Mikono ina kumbukumbu yake. Muulize mtu anayesuka ukili kama anahesabu.

Ninaulizwa sana: je, kama mzee haoni kabisa, au mikono inatetemeka? Hapo sitakudanganya kwamba mazoezi yatamaliza shida. Chagueni mtu mmoja kwa uwazi, mbele ya familia, mzee akiwepo na akisema mwenyewe ni nani anamwamini. Laini iwe na pesa kidogo za matumizi ya wiki. Akienda kwa wakala waende pamoja, wakala ataje kiasi kwa sauti, na pesa zihesabiwe mkononi mwa mzee.

Shilingi ishirini za kuchezea

Kutuma tuliacha mpaka siku ya tatu. Woga mkubwa wa wazee kwenye simu ni kwamba kitufe kimoja kibaya kitameza kila kitu. Maneno hayaondoi woga huo. Unaondoka kwa kukosea bila hasara.

Nikamtumia 100. Nikamwambia anirudishie 20, halafu 20 nyingine, halafu nyingine. Kwa viwango vya sasa vya M-Pesa kutuma shilingi 100 kushuka chini hakuna ada, kwa hivyo mazoezi hayali kitu. Mara moja nilimwomba aandike namba yenye upungufu wa tarakimu moja makusudi, aone simu inavyokataa. Alifurahi sana. "Kumbe inakataa!" Alikuwa akidhani inatii tu.

Kisha tukakaa kwenye jambo la jina. Kabla muamala haujakamilika jina la mpokeaji huonekana, na hapo ndipo pa kusimama. Nilimwambia asome jina hilo kwa sauti, hata kama yuko peke yake. Kama si jina analolijua, asitishe. Na kama pesa imeshaenda kwa mtu asiye, kwenye M-Pesa unaipeleka ile meseji kama ilivyo kwa 456 kuomba irudishwe, na unafanya hivyo mara moja, kwa sababu mwenye kuipokea akishaitoa kazi inakuwa ngumu. Hili la kupeleka meseji tulilirudia mara mbili akalikataa. Akasema atanipigia mimi. Sawa. Si lazima mzee ajue kila kitu, lazima ajue ni nani wa kumpigia na kwamba asingoje mpaka kesho.

Adabu inavyotumiwa dhidi yao

Wezi wa simu hawachagui wazee kwa sababu wazee ni wajinga. Wanawachagua kwa sababu wana adabu. Mtu akipiga na kusema "shikamoo mama", nyanya yangu atamsikiliza mpaka mwisho, hata kama haelewi. Kumkatia mtu simu ni utovu wa heshima, ndivyo alivyolelewa.

Basi nilimpa ruhusa. Nilimwambia, nyanya, mtu yeyote akikutajia PIN, hata akiwa na sauti ya mchungaji, si dhambi kumkatia. Kampuni halali haiulizi PIN, na sisi hatuiulizi. Safaricom nao wamekuwa wakiwaambia wateja wao kwamba wao hupiga kwa 0722 000 000 peke yake.

Michezo mingine miwili tuliifanyia mazoezi kabisa, mimi nikiwa mwizi. Wa kwanza ni ule wa "samahani mama, nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie". Meseji bandia hutoka kwa namba ya kawaida ya simu, na salio lako halibadiliki. Dawa yake ni ile ile ya kila asubuhi: angalia salio. Kama halijaongezeka hakuna kilichoingia, hata meseji iwe imepambwa vipi. Na kama kweli limeongezeka, aliyekosea apitie kwa kampuni yake, si kwa mama wa watu. Wa pili ni ule mbaya zaidi, wa "mjukuu wako amepata ajali, tuma pesa ya hospitali haraka". Hapo tuna swali la familia. Akipigiwa hivyo, anauliza jina la ng'ombe wetu wa kwanza. Mwizi hawezi kulijua. Mimi nalijua, dada zangu wanalijua, na sitaliandika hapa.

Mwezi wa Juni alipigiwa kweli. Mtu akasema anatoka ofisini, laini yake inafungwa leo, ataje PIN. Nyanya alimwambia asubiri kidogo anakamua, akaweka simu juu ya ndoo, akaendelea na kazi zake. Jamaa alisubiri weeee mpaka kredo labda ikaisha. Si mbinu niliyomfundisha, lakini sina la kuongeza.

Wanajifunza zaidi wakiwa wenyewe

Jambo ambalo sikulipanga ni chama. Siku ya tano ilikuwa zamu ya kukutana kwa nyanya. Akina mama walipomwona akisoma meseji mwenyewe, kwa Kiswahili, simu zikaanza kutoka kwenye leso. Mmoja baada ya mwingine wakataka lugha ibadilishwe. Nilifikiri nitasimama niwafundishe. Nyanya akaniambia nikae, akawaeleza yeye, kwa Kitaita, na akaeleza vizuri kuniliko. Hakuna aliyesema "naona" kwa heshima. Mwenzao akikosea walimcheka, naye akacheka, akaanza tena. Mbele ya mjukuu mtu hachekwi kwa raha namna hiyo.

Kwa mawakala wetu mnaosoma hapa: mzee akifika dirishani polepole, mwacheni abonyeze mwenyewe hata kama foleni inanung'unika. Akikunyooshea simu ili umwekee PIN, mrudishie kwa upole. Ukizoea kujua PIN za wateja, siku moja utashukiwa kwa pesa ambazo hukuzichukua.

Na wewe uliye mjini, kama huwezi kupata siku tano, bado kuna la kufanya kwa simu. Mtumie shilingi 20 jioni fulani, umpigie, umuulize zimeingia ngapi na salio limekuwa ngapi. Mwache asome. Akichukua dakika tatu, ni dakika tatu. Kesho yake tuma 30. Wiki mbili za hivyo zinazidi somo langu lote la Krismasi, na gharama yake ni ndogo.

Kuna ambayo bado nyanya hataki. Menyu ya mikopo haigusi, anaipita kama nyumba ya mtu waliyegombana. Simu janja ameikataa mara mbili. Lakini mwezi uliopita alinipigia akasema amechoka kuomba watu wamnunulie tokeni za stima, Desemba nikija nimwonyeshe. Nikamwambia namba ya mita ni ndefu, tarakimu kumi na moja. Akasema anajua, ameshaiandika kwa chaki juu ya mlango, kubwakubwa, aione bila miwani.